Mboga Zilizokuja kwa Gari la Maiti

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Marceline Kisimba aliuza mboga katika soko la Kikula mjini Likasi, na kila alasiri ya miaka hiyo yote alitenga fungu moja pembeni ya meza yake. Lilikuwa na lengalenga, yaani mchicha, iliyolegea, nyanya zenye majeraha, na kabichi lililobanduliwa majani mpaka likabaki kama ngumi ya mtoto. Fungu hilo alilipa jina: "ya bazee." Wazee waliostaafu walikuja saa hiyo kwa sababu bei yake iliwafaa. Walibeba, wakashukuru, wakaenda. Yeye aliona anawasaidia.

Kisha goti lake la kushoto likagoma. Halikutoa taarifa. Asubuhi moja liliamka limevimba, na daktari akamwambia soko basi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na lupango yangu, kiwanja cha nyumba yangu, imepakana na yake. Tunatenganishwa na ukuta wa matofali ambao haujawahi kuzuia sauti yake hata siku moja. Kwa hiyo mambo haya niliyaona mwenyewe, na yale ambayo sikuyaona niliyasikia.

Wiki ya kwanza ya kukaa nyumbani, Mama Marceline alimwomba mke wangu apitie sokoni kwa Emmanuella, yule mwanamke aliyerithi meza yake na aliyefundishwa kazi naye. Emmanuella alifurahi, akauliza hali ya goti, akatuma salamu nyingi na mfuko wa mboga. Mama Marceline akaumwaga mfuko ule juu ya sinia. Halafu sauti ikavuka ukuta.

"Mwalimu! Kuja uone! Emmanuella ananitumia ya bazee! Mimi! Mimi mwenye nilimufundisha kufunga lengalenga!"

Nilikwenda nikatazama. Lilikuwa fungu lenyewe, bila shaka yoyote.

"Lakini Mama," nikasema kwa uangalifu, "uko na miaka sitini na saba."

"Miaka ni yangu, mutu asiniguse nayo. Lengalenga ni ya juzi. Ile njo inanichoma roho."

Aliipika hivyo hivyo, kwa hasira, akaila. Mke wangu alikuwepo. Anasema Mama Marceline alitafuna kidogo, akaacha, akatazama sahani, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hii njo nilikuwa nabauzishia?" Hakulia, si mtu wa kulia. Lakini siku tatu zilizofuata hakugombana na mtu yeyote, na katika mtaa wetu tulianza kuulizana kama anaumwa.

Siku ya nne alichukua fimbo akazunguka nyumba za wazee, akiuliza kila mmoja jana alikula nini. Papa Georges, mgane aliyekuwa fundi wa mashine kiwandani kwa miaka ishirini na minane, alikula ugali wa bukari na samaki mkavu mmoja, mkia mchana na kiwiliwili jioni, kichwa kikihifadhiwa kwa Jumapili. Mama Mathilde, mjane wa kanisa la Kipentekoste, alikula bukari na chumvi. Alipotamani mboga alifunga na kuomba.

"Na Mungu anajibu?" Mama Marceline akauliza.

"Siku moja alijibu. Batu bananiletea chou, kabichi nzima. Ilikuwa na mududu ndani. Nikakula yote mbili."

Jioni ile Mama Marceline alimpigia simu Élise, dada wa marehemu mume wake, naye pia mjane, ambaye analima bustani na wenzake kumi na mmoja kando ya ziwa Tshangalele. Aliongea kwa sauti kubwa kama kawaida yake, akidhani umbali wa Tshangalele unahitaji msaada, hivyo upande wake wa mazungumzo tuliusikia mtaa mzima. Wa Élise alitusimulia baadaye. Huko ziwani nyanya zilikuwa zinaoza. Wenye malori walikuja siku waliyotaka wao, na wasipotaka hawakuja. Juu ya hayo, mashine ya kuvuta maji ilikuwa imekufa tangu Pasaka, na wakulima walikuwa wanabeba maji ziwani kwa ndoo.

"Nyanya iko," Élise alisema. "Batu ya kuikula njo habako."

"Bako huku!" akajibu Mama Marceline. "Bengine hata meno habana. Lakini nyanya haiombake meno."

Ndivyo walivyopatana. Papa Georges atakwenda kuitengeneza mashine ya maji, na wastaafu wenzake wenye ujuzi watatengeneza majembe, mabomba na chochote kitakachovunjika. Wakulima, kwa upande wao, kila Jumamosi watatenga vikapu vya mboga zilizochumwa alfajiri ile ile. Mama Marceline alisisitiza hilo la alfajiri mara nne.

Kilichobaki kilikuwa gari. Wenye malori walicheka. Wenye teksi waliuliza kama wazee hao wana akili timamu. Mwisho Mama Marceline akaenda nyuma ya kanisa, kwa Gaston.

Gaston ana basi dogo la rangi ya zambarau. Ubavuni limeandikwa kwa herufi nyeupe PUMZIKA KWA AMANI. Kazi yake ni kubeba maiti. Familia nyingi za Likasi zina asili yao upande wa ziwa na hupenda kuwazika watu wao kule, na mazishi mengi hufanyika mwisho wa wiki. Gaston huenda na jeneza na waombolezaji. Wao hubaki kwenye kilio, yeye hurudi na gari tupu.

Aliposikia ombi alicheka.

"Mama," akasema, "kwenda, banalia mpaka masikio inaniuma. Kurudi, niko peke yangu na ile kimya. Ukinipa chou, nitasimulia hata nayo."

Alikuwa mtu safi, lazima niseme hivyo. Aliliosha gari kwa sabuni mara mbili, akapigilia rafu za mbao pembeni ili vikapu visiguse mahali pa jeneza, akanunua turubai jipya. Tatizo moja hakuweza kulitatua: watu hawafi kwa ratiba. Kila Alhamisi Mama Marceline alimpigia simu.

"Gaston, kuko mutu?"

"Bado, Mama."

Naye alishusha pumzi kwa huzuni, halafu akashtuka, akafanya ishara ya msalaba haraka haraka kwa sababu ya ile huzuni. Wiki ambazo hakuna aliyekufa, Élise alituma mboga kwa vijana wa baiskeli, na zilifika zimetikiswa.

Jumamosi ya kwanza gari lilifika saa nne asubuhi. Papa Georges alikuwa amerudi kutoka ziwani siku iliyotangulia, mashine ikinguruma vizuri, na kwa uchovu alikuwa amelala kwenye kiti nyuma ya nyumba. Gaston, ambaye orodha aliyopewa ilianza na jina la Georges, akasimamisha gari mbele ya mlango wake.

Tina, mke wa mtoto wa Papa Georges, alikuwa anafua. Aliinua macho akaona rangi ya zambarau. Akakumbuka kwamba tangu asubuhi hajamwona baba mkwe wake. Akatupa beseni.

"Papa! Papa Georges eee! Ametuacha!"

Mtaa wetu hauhitaji kuitwa mara mbili. Wanawake walitoka wakipiga mayowe, wanaume wakavua kofia. Kabla Gaston hajafungua mlango wa gari, watu thelathini walikuwa wamejaa uwanjani, na kina mama watatu wenye kuwaza mbele walikuwa wameshaleta unga wa bukari na kuni za kilio. Mtu akasema, "Mwalimu aseme neno." Nikasema neno. Nilisema marehemu alikuwa fundi hodari, asiyelala na kazi mkononi. Nikaongeza, kwa kuwa watu walikuwa wananisikiliza vizuri na mimi nilinogewa, kwamba alikuwa mbishi kidogo, na kwamba kanisani aliimba vibaya lakini kwa moyo.

"Nani anaimba mubaya?"

Papa Georges alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, suruali imeshikiliwa kwa mkono mmoja, alama ya kiti shavuni.

Sitaeleza yote yaliyofuata. Watu walikimbia kwa kupitia mahali ambapo hapakuwa na mlango. Mama mmoja alizimia, akazinduka, akamwona Papa Georges amemwinamia na kikombe cha maji, akazimia tena. Tina alimkumbatia mkwe wake huku akimpiga makofi mgongoni. Gaston, ambaye katika maisha yake ya kazi hajawahi kupokelewa hivyo na mteja, alifungua nyuma ya gari ili kujitetea, na sote tukaona: makabichi, vitunguu vyenye majani yake, nyanya nyekundu, lengalenga yenye umande.

Wale kina mama watatu wakaanza kuinua unga wao taratibu.

"Wacha pale," Papa Georges akasema. "Vyenye mumeleta ku kilio yangu ni yangu."

Na unga haukurudi. Alikula bukari kwa kabichi wiki mbili nzima, akimwambia kila aliyepita kwamba mtu wa umri wake anapaswa kufa walau mara moja. Mimi hakunisalimia mwezi mzima. Jumapili kanisani alikaa nyuma yangu na kuimba ndani ya sikio langu.

Lakini wazee wengine walikataa vikapu vyao. Walisema mboga zimepanda gari la maiti, zimevuta hewa ya maiti. Mama Mathilde aliweka mkono juu ya kabichi lake kama juu ya kichwa cha mgonjwa, akafumba macho, akaanza kukemea.

"Toka! Toka ndani ya hii chou! Toka!"

Nusu saa ilipita. Jua likapanda. Gaston, mtoto wa familia ya maombi na yeye, aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mama, hamuna pepo, muko mayi tu mule ndani."

Mama Marceline alichoka. Alichukua nyanya moja, akaifuta kwenye kitenge chake, akaiuma mbele ya watu wote mpaka maji yake yakamtiririka kwenye kiwiko. Akachukua ya pili. Wazee walimtazama akimeza.

"Tutaona kesho," Mama Mathilde akasema.

Hiyo kesho ilifika. Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya Mungu, wazee kumi na wanne walikuwa mlangoni kwa Mama Marceline, wamevaa nguo za kanisa, wanakuja kuona kama yu hai. Sasa, mwanamke huyu kwa miaka thelathini na mmoja aliamka saa kumi za alfajiri. Asubuhi hiyo moja, kwa sababu alilala ameshiba vizuri kwa mara ya kwanza tangu aache soko, alipitiwa na usingizi. Waligonga. Kimya. Waligonga tena. Mama Mathilde alianza kusema kwa upole kwamba yeye alionya.

Mlango ukafunguka. Mama Marceline alitoka na kilemba kimeangukia jicho moja, akawaambia maneno ambayo mimi kama mwalimu siwezi kuyaandika, na hasa si ya siku ya Jumapili. Mama Mathilde alimsikiliza mpaka mwisho, akimchunguza kama daktari. Akageuka, akaenda nyumbani, akapika kabichi. Mchana alirudi kuuliza kama ile motokari hubeba na biringanya.

Baada ya hapo hapakuwa na shida ya chakula, shida ilikuwa furaha. Ndani ya miezi miwili Jumamosi ikawa sikukuu. Ilipokaribia saa nne, wazee ishirini na wawili walisimama barabarani na vikapu, mifuko, na mabeseni. Rangi ya zambarau ilipotokea kwenye kona, Mama Mathilde alianzisha wimbo wa kanisa lake, wa haraka, wa kupiga makofi, na Papa Georges alicheza kwa kiuno chote alichobakiwa nacho. Wageni waliopita mtaani waliona wazee wanashangilia gari la maiti, wakaharakisha hatua.

Basi, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, gari likakata kona. Wimbo ukaanza. Gaston akatoa mkono dirishani, akaupunga juu chini kwa nguvu. Wazee wakaona anawasalimu, wakaongeza makofi. Gaston akatoa na kichwa. Papa Georges akaingia katikati ya barabara akacheza akirudi kinyumenyume mbele ya gari, beseni kichwani. Gari likasimama. Mlango ukafunguka, akashuka mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, na nyuma yake wanaume wawili. Ndani, kati ya rafu za mbao, lilikuwemo jeneza. Alhamisi Gaston alijibu kwamba kuna mtu, lakini safari ile haikuwa ya ziwani kabisa. Gaston alikuwa anapeleka maiti kwenye makaburi ya mjini, na barabara nzuri ilikuwa imechimbuliwa.

"Munacheka baba yangu?" mwanamke akauliza.

Wimbo ulikufa vipande vipande, Mama Mathilde akiwa wa mwisho kunyamaza. Papa Georges alibaki na mguu mmoja juu. Nilitamani ardhi inimeze mimi kwanza, kwa kuwa nilikuwa napiga makofi pia.

Mama Marceline akasogea, akichechemea.

"Mama, utusamehe," akasema. "Tulizani ni chou."

Mwanamke akatazama wale watu ishirini na wawili, mvi zao, mabeseni yao.

"Chou?"

"Chou. Na nyanya. Siku ya posho, Jumamosi, inakuyaka na hii motokari."

Midomo ya yule mwanamke ilianza kutetemeka. Tulijua analia. Kicheko kilichomtoka kilimshtua yeye mwenyewe kuliko sisi. Alishika mlango wa gari, akacheka mpaka akainama, na alipoinuka alikuwa analia kweli, na mambo hayo mawili yaliendelea pamoja kwa muda. Kisha akatuambia. Baba yake alikuja Likasi akiwa kijana kutafuta kazi, kutoka mbali. Ndugu zake wameisha. Wenzake wametawanyika.

"Tuko batatu tu," akasema. "Tangu asubuhi nawaza, mutu mukubwa hivi, kuzikwa na batu tatu."

Papa Georges alishusha mguu. Akatoa beseni kichwani.

"Alifanya kazi ku atelier gani, pale kiwandani?"

"Ku fonderie, kwenye banayeyushaka shaba."

"Alikuwa anapigaka miluzi?"

Mwanamke akamkazia macho. "Kila siku. Mpaka ku hospitali."

"Namujua," Papa Georges akasema. "Jina, apana. Lakini miaka kumi na mbili ule mutu ananiamusha na ile muluzi, kila mara nikisinzia ku mashine."

Hakuna aliyetoa amri. Wazee waliweka mabeseni na vikapu vyao juu ya ukuta wangu, mstari mzima, wakajipanga nyuma ya gari. Mama Marceline alipandishwa kiti cha mbele kwa ajili ya goti. Tulitembea hadi makaburini polepole sana, kwa mwendo wa mwenye magongo. Mama Mathilde aliimba. Ulikuwa wimbo ule ule, maana hajui mwingine vizuri, lakini aliuvuta taratibu, na ukiuvuta taratibu unafaa kabisa kwa msiba. Papa Georges aliimba pia, na nitasema hapa kwamba siku hiyo aliimba vizuri. Pale kaburini waliniomba niseme neno. Nilisema fupi, na kasoro za marehemu sikuzigusa.

Baada ya siku hiyo Gaston aliwekewa sheria. Akibeba mboga, hufunga bidoni, dumu la njano, mbele ya gari. Bidoni likiwepo, watu huimba. Lisipokuwepo, huvua kofia na kungoja. Mwanzoni Mama Mathilde, ambaye macho yake hayaoni mbali, alikuwa akivua kilemba na kuanza kuimba kwa wakati mmoja, asije akakosea.

Mitaa miwili jirani imeiga mpango huu, mmoja kwa gari la mkate, ambalo kila mtu anakubali lina heshima zaidi lakini halisisimui. Msimu wa mvua barabara ya ziwani inakuwa matope na bustani zinajaa maji, hivyo huja maboga na karanga badala ya nyanya, na malalamiko yanaongezeka. Boga moja lilikuwa kubwa hata Papa Georges akalipasua kwa msumeno wa chuma.

Siku hizi Papa Georges mwenyewe haonekani sana mtaani. Mashine ya maji ya kina Élise, anasema, bado ina kasoro ndogo. Huenda Jumatatu na kurudi Jumamosi, ameketi mbele pamoja na Gaston, shati limepigwa pasi. Tina anadai nyumbani pasi hiyo hajawahi kuiona. Jumamosi iliyopita Mama Marceline alimsubiri ashuke, akamzunguka mara moja kwa fimbo yake, akaangalia kola, akaangalia viatu.

"Georges," akasema, "mashine inavuta mayi?"

"Inavuta."

"Inavuja?"

"Apana."

"Basi ugonjwa yake ni nini, mwaka muzima haiponake?"

Papa Georges alifikiri, kama fundi anayeheshimu swali.

"Ni mashine ya zamani," akajibu. "Inaomba mutu akae karibu."

Mama Marceline alifungua mdomo, na mtaa mzima ukasogea karibu kusikia. Halafu akamwekea mikononi kabichi kubwa kuliko yote garini, akageuka kuwapigia kelele waliokuwa wanabinya nyanya.